Samaki wa matumbawe sebuleni: anza na maji

Nakaa Mombasa, mwendo mfupi kutoka ufukweni, na tangi langu la lita 126 liko sebuleni mbali na dirisha. Wageni huniuliza samaki hawa wanapatikana wapi. Nawajibu kwamba samaki ni wa mwisho. Kwanza maji.

Mimi huteka bahari ikijaa, mahali palipo mbali na mdomo wa mto. Masika siteki kabisa, kwa kuwa mvua hushusha tope na kupunguza chumvi. Nayaacha kwenye mitungi siku mbili yatulie, kisha natumia ya juu. Hidromita, kile kipimo cha chumvi ya maji, isome 1.025. Mawe ya kupanga tangini usiyavunje mwambani. Nilinunua mawe ya matumbawe ya machimboni, yale ya kujengea, nikayasugua na kuyaloweka wiki nzima. Yana vitundu vingi, na humo ndimo bakteria hukaa.

Bakteria hao ndio roho ya tangi. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wao huigeuza kuwa nitriti, sumu pia, kisha nitrati, ambayo ikiwa kidogo haidhuru. Ili wazaliane, tumbukiza kamba mmoja mbichi aoze humo huku pampu ikizungusha maji. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda na kushuka, nitriti itafuata njia hiyo hiyo. Zote zikisoma sifuri, mtoe kamba, badilisha sehemu ya maji, ndipo ukatafute samaki. Kwangu zilipita wiki tano.

Sasa lililoniumiza. Mwaka wa kwanza, jua la kaskazi lilikuwa kali, na kila siku karibu lita moja ilikauka. Nilijazia maji ya bahari, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Kumbe kinachokauka ni maji matupu, chumvi inabaki palepale. Baada ya mwezi hidromita ilisoma 1.032, na samaki wangu wawili walikuwa wamelala pembeni, mashavu yakipiga haraka haraka. Mmoja alikufa usiku ule. Tangu hapo nimechora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino mzito, na kila asubuhi najaza hadi hapo kwa maji yasiyo na chumvi yaliyosafishwa, yale ya kujazwa kwenye mitungi dukani. Maji ya bahari ni ya siku ya kubadilisha tu: lita 12 hadi 15 kila wiki.

Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Huku kwetu hita haina kazi kubwa. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi, lakini maji nayo hukauka upesi zaidi, basi angalia ule mstari.

Nafuga wawili wa jamii ya Amphiprion akallopisos, wa rangi ya chungwa iliyofifia, wenye mstari mmoja mweupe unaoanzia kati ya macho na kupita mgongoni hadi mkiani. Wote huzaliwa madume, na mkubwa ndiye hugeuka jike, kwa hiyo chagua wawili waliopishana kimo. Anemoni, yule mnyama laini wa baharini mwenye minyiri ambamo samaki hawa hujificha, si lazima. Kitatange achana nao mwanzoni: ni wazuri mno, lakini wengi hula matumbawe hai na watakufa njaa mbele ya macho yako. Nunua kwa mwenye leseni, wala usivue ndani ya hifadhi ya bahari. Mwambie muuzaji awalishe ukiona. Asiyekula dukani hatakula kwako.

Nyumbani, acha mfuko wenye samaki uelee majini dakika 20, halafu watie kwenye ndoo na uwadondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, kwa saa nzima. Waweke wiki nne kwenye beseni la pekee lenye pampu yake. Ukiona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, dawa ya shaba itumike humo humo. Ikiingia tangi kubwa itaua konokono na matumbawe.

Chakula ni kamba aliyekatwakatwa, vipande visizidi mboni ya jicho la samaki, mara mbili kwa siku. Na weka akiba pampu ya hewa ya betri. Stima ikipotea usiku, hiyo ndiyo pumzi yao.