Siki, ndimu na magadi: kipi kinaenda wapi na kipi kitakuharibia nyumba

Jumamosi binti wa dada yangu kanipigia simu ya video toka Lindi, kahamia nyumba ya kupanga, anasema mamdogo nataka nisafishe kwa vitu vya asili tu, madawa ya dukani yananikaba kifua, na siki nshanunua lita tano. Nikamwambia iweke chini hiyo siki usimwage hata tone, nisubiri. Tukaenda naye chumba kwa chumba karibu saa mbili, na nyie wengine nawawekea hapa.

Kwanza hili neno "asili" lisikulaze. Sisi wa huku Mtwara tunaobangua korosho tunalijua vizuri, yale mafuta ya ganda ni ya asili kabisa na yanababua ngozi mpaka inachunika, ndo maana wabanguaji wanajipaka majivu au mafuta mikononi. Ndimu nayo ni hivyohivyo, ukikamua halafu ukatoka juani bila kunawa kwa sabuni, mikono inaweza kutoka malengelenge na mabaka meusi yanayokaa wiki kadhaa. Kamua ndani, nawa, ndo utoke kuanika.

Hatua ya 1: jua kundi

Vichachu (siki, ndimu, ukwaju) vinakula kutu, chokaa na ule weupe wa maji ya kisima. Magadi, bekingi soda na majivu vinakula mafuta na masizi. Ile ya kuchanganya siki na soda povu likaumuka watu wakashangilia, mi siipendi, maana vinauana nguvu na unabaki na maji yenye chumvichumvi. Na usivifunge pamoja kwenye chupa, gesi ikijaa chupa inapasuka. Tumia kimoja, suuza, ndo uje na kingine.

Hatua ya 2: sakafu (soma yote tafadhali)

Siku mbili kabla ya Idi, wageni wanakuja, nikaona sebule ya mama ina weupeweupe, sakafu ya terazo ya miaka mingi, inang'aa unajiona. Nikatia siki na ndimu kwenye ndoo, nikamwaga, nikaacha kama dakika ishirini "iloweke". Nimekuja kupangusa nakuta mabaka yamefifia kama mtu kapaka unga. Mi nikajua uchafu haujatoka, nikaongeza siki! Toka adhuhuri mpaka magharibi nasugua, na kila nikisugua linakua. Fundi alipokuja kesho yake kaangalia tu, kapitisha kiganja, kasema dada hilo si doa, umeiunguza. Terazo ni saruji na vipande vya marumaru, vyote vina chokaa, na kichachu kinaila chokaa. Hapo hakuna cha kusugua, ni mashine ya kung'arishia tu.

Kwa hiyo kabla ya yote fanya hivi. Nenda kona ya nyuma ya mlango, dondosha tone moja la siki, inama uangalie kwa dakika mbili hivi. Ukiona vitone vya povu vinachemka, hapo siki na ndimu hazikanyagi. Ila angalia, kama sakafu imepakwa nta tone linaweza kukaa kimya likakudanganya, so tafuta sehemu ambayo nta ishaisha. Tailizi za kuchoma zenyewe hazidhuriki, lakini ile saruji ya kwenye maungio inalika taratibu, ukitumia siki iwe nyepesi na uisuuze hapohapo. Sakafu ya saruji ya kawaida, usitumie. Na wenye zile nyumba za zamani za Mikindani za mawe ya matumbawe na chokaa, hata ukutani usisogeze.

Sasa utumie nini? Sabuni ya mche, kipande kidogo tu ukikwangue kwenye maji ya uvuguvugu. Maji ya kisima cha chumvi yanaikatisha sabuni, povu halitoki na inaacha utando, na ule weupe wa sebuleni kwa mama kumbe ulikuwa ndo huo! Tumia maji ya mvua kama unayo kwenye tenki, kisha pitisha kitambaa chenye maji matupu.

Hatua ya 3: jikoni

Sufuria za alumini usizipeleke kwenye magadi, zinakuwa nyeusi. Ikishakuwa nyeusi kwa ndani chemsha maji na maganda ya ndimu, itarudi. Birika lenye magamba meupe, siki nusu maji nusu, chemsha, zima, acha nusu saa, mwaga, halafu chemsha maji matupu mara mbili. Mbuzi ya nazi iliyoshika kutu kwa hewa ya bahari, ndimu na chumvi, suuza, ikaushe palepale. Kusugulia, makumbi ya nazi. Stilwaya mi siiruhusu jikoni kwangu, inachuna na vipande vyake vinabaki kwenye chombo.

Hatua ya 4: mbao na vinyago

Kitambaa kikavu. Vinyago vya mpingo, mswaki laini wa kutolea vumbi kwenye mikunjo, basi. Usiloweke, usitie siki.

Hatua ya 5: choo

Siki kwenye sinki inaondoa ukoko, iache usiku kucha. LAKINI kama kuna mtu kapitisha jiki humo, hata kama ni asubuhi, suuza kwa maji mengi kwanza. Siki au ndimu ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, na choo chenyewe kidirisha kama kitabu, utatoka unakohoa huku macho yanawaka. Ikishatokea usikae kuchunguza, toka nje, acha mlango wazi.

Siki iliyobaki usiitie kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina rangi, mtoto ataigida. Chupa yangu nimeiandika SIKI kwa maka peni pande zote mbili na inakaa juu ya kabati, binti wa dada nae nimemwambia anipigie picha ya ya kwake.