Somo: Kakao ya moto ya wageni na vikorombwezo vya kwetu Kusini

Kuanzia Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi ukishika, jioni za Newala na Tandahimba zinataka shuka, na hata hapa Mtwara mjini mgeni akiletewa kikombe cha moto hakisukumi pembeni. Ndio wakati mzuri wa kakao. Somo hili ni la kuipika ikae sawa, halafu kupanga sinia la vikorombwezo ili kila mgeni ajitengenezee kikombe anachokitaka.

Nitatangulia na jambo ninalolishikilia kuliko mengine yote: kakao yenyewe isiwe tamu. Ukiipika tamu tangu jikoni, chochote utakachoweka juu kitazidisha sukari, na baada ya mafunda matatu mgeni anaweka kikombe chini kwa adabu. Ipike nzito, yenye harufu, yenye uchungu kidogo. Utamu uje na vya juu.

Jambo la pili ni unono. Unga wa kakao wa kwenye kopo umekamuliwa mafuta. Ufundi wa kuyakamua kwa mashine ulitoka Uholanzi kwa akina Van Houten, mwaka 1828. Kabla ya hapo kinywaji hiki kilikuwa kizito na mafuta yakielea juu. Basi sisi tunaoishi kati ya mikorosho na minazi tuna njia nzuri ya kurudisha unono uliotolewa, tena bila kwenda supamaketi.

KUPIKA (vikombe 6)

Maziwa lita 1, maji robo lita, unga wa kakao usio na sukari vijiko 6 vya chakula vilivyosawazishwa, sukari vijiko 4 vya chakula, chumvi ncha ya kijiko, kijiti 1 cha mdalasini, iliki punje 3 zilizopondwa. Maziwa mabichi hayapatikani kila siku kwetu, kwa hiyo ya unga yanafaa kabisa: gramu 125 hivi kwa lita moja ya maji. Soma pakiti ya kakao. Ikiwa imeshachanganywa na sukari, usiongeze yako mpaka uonje.

1. Chemsha maji pamoja na mdalasini na iliki kwa dakika 5.

2. Kwenye bakuli kavu changanya kakao, sukari na chumvi. Mimina yale maji ya viungo kidogo kidogo huku ukisugua kwa mgongo wa kijiko, mpaka upate uji mzito unaong'aa. Usiruke hatua hii. Kakao bado ina mafuta kiasi na haikubali kulowa haraka. Ukiitupa moja kwa moja kwenye maziwa itaelea madonge, na madonge hayo hayavunjiki hata ukoroge mpaka mkono uume.

3. Rudisha uji huo sufuriani, umalizie maji yaliyobaki, acha utokote dakika 2 ukikoroga. Ile harufu ya ubichi inaondoka.

4. Tia maziwa. Moto wa wastani, koroga mpaka mvuke utoke na mapovu madogo yaonekane pembeni, kisha epua. Yasifurike.

Ukitaka kikombe cha kukumbukwa, saga kiganja kimoja cha korosho zilizokaangwa na maziwa kidogo kwenye blenda mpaka zilainike kabisa, utie hapo mwishoni na kukoroga dakika moja. Kakao inakuwa laini na nzito bila unga wa mahindi wala kitu kingine. Mimi kwa wageni sipiki bila hiki.

SINIA LA VIKOROMBWEZO

Korosho ndiyo mwenye shughuli. Nunua zilizobanguliwa, na usilipie nzima, maana utazivunja. Vipande ni nafuu na ladha ni ileile. Zikaange kavu, moto mdogo, ukigeuza muda wote mpaka ziwe rangi ya dhahabu, halafu uzitoe kwenye kikaango papo hapo, la sivyo zitaendelea kuungua kwa joto lake. Zikipoa zitwange kinuni kwa mapigo machache tu. Tunataka vipande vya kutafuna, si unga. Anayetaka kubangua mwenyewe nyumbani na hana uzoefu, namsihi aache: mafuta ya ganda la korosho yanachubua ngozi na moshi wake ni mbaya.

Za sukari ni tamu zaidi. Kikaangoni weka sukari vijiko 4 vya chakula na maji vijiko 2, acha iyeyuke bila kukoroga mpaka iwe rangi ya asali, tia kikombe kimoja cha korosho, zigeuze haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta. Zikiganda, vunjavunja. Watoto wakae mbali wakati huo, sukari iliyoyeyuka inaunguza kuliko maji yanayochemka.

Krimu ya tui. Chukua nazi 2 zilizokomaa, uzikune, uzikamue na nusu kikombe tu cha maji ya uvuguvugu, chuja kwa kitambaa safi, weka tui kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta safu nene imeganda juu. Iengue, uipige na kijiko kimoja cha sukari mpaka ishikane. Maji yaliyobaki chini pikia wali. Fahamu kwamba mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na sebule nyingi za Mtwara na Lindi zinapita hapo, kwa hiyo bakuli la krimu likae juu ya barafu na krimu iingie kikombeni dakika ile ya kunywa. Umeme ukikatika usihangaike: kaanga nazi iliyokunwa, kavu, mpaka iwe kahawia. Harufu yake peke yake inaita watu kutoka nje.

Ufuta. Mwezi wa sita na wa saba ule mpya unakuwa umeshaingia sokoni. Upepete, uoshe, uanike, uukaange mpaka uanze kurukaruka. Kijiko kimoja cha chai juu ya krimu kinatosha. Kashata za ufuta zilizovunjwa nazo zinapendeza, na ukizitumia hizo, korosho za sukari ziache.

Ganda la chungwa watu wengi hawalifikirii, na linapendana sana na kakao. Osha chungwa vizuri, kwaruza ile ngozi ya nje tu kwa kikwaruzio chembamba. Ukifika kwenye weupe simama, weupe ni mchungu.

Kwa utamu weka asali na tende zilizokatwa vipande vidogo. Asali ya misitu ya Liwale ina harufu nzito, haipotei ndani ya kakao kama zile nyepesi. Kwa unga wa juu: mdalasini, kungumanga ya kukwaruza, na kwa wanaopenda ukali, pilipili kavu iliyosagwa, lakini hiyo ni ya kunyunyiza kwa ncha ya kisu. Wapenzi wa kahawa waongeze kahawa nzito vijiko 2 kwenye kikombe.

Mashimelo, zile peremende nyeupe laini kama sponji, zinauzwa kwenye baadhi ya maduka ya mjini na watoto wanazipenda. Geuza pakiti usome kabla ya kununua. Jelatini yake, yaani kile kinachozigandisha, mara nyingi hutokana na nguruwe, na wageni wetu wengi ni Waislamu. Isipokuwa na alama ya halali, iache dukani. Mgeni asiulizwe baada ya kunywa.

KUPANGA NA KUANDAA

Jaza kikombe robo tatu tu. Kinachozama kinaingia kwanza: asali, tende. Kisha krimu, ambayo ndiyo inabeba vingine. Korosho zikimwagwa juu ya kakao tupu zinakwenda chini na kulowa. Mwisho unga wa mdalasini, upitishe kwenye chujio la chai ili usiangukie mahali pamoja.

Kila bakuli liwe na kijiko chake, na bakuli za korosho na karanga zikae mbali kidogo na nyingine. Kuna watu wanaodhurika na korosho, hata chembe. Uliza kabla ya kumimina, na kama yupo, usitie ile korosho ya kusaga sufuriani. Kwa watoto wadogo twanga mpaka iwe laini, wasipaliwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Masasi: Shikamoo mwalimu. Mimi tangawizi lazima iwepo, lakini nikiitia kwenye maziwa yanakatika. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Joto linakiua. Iponde, uichemshe kwenye yale maji ya hatua ya kwanza dakika 5 nzima, ndipo maziwa yaje baadaye. Usiiponde ukaitia juu ya maziwa ya vuguvugu.

Mwanachama wa Lindi mjini: Dada, nimealika watu 30 kwa futari. Nazidisha kila kitu mara tano?

Maziwa, maji, kakao na sukari, ndiyo: maziwa lita 5, maji lita 1 na robo, kakao vijiko 30, sukari vijiko 20. Viungo usizidishe hivyo. Mdalasini vijiti 3 na iliki punje 10 zinatosha, vinginevyo utapata pilau. Uji wa kakao upike kwenye sufuria ndogo kwanza, kisha uumwage kwenye sufuria kubwa. Na kwa futari, tende zisikosekane kwenye sinia, wengi watafungulia hizo.

Mwanachama wa Mikindani: Naweza kuitia kwenye chupa ya chai asubuhi, wageni wakija saa nane?

Kakao ya maziwa kwa saa mbili tatu haina shida, ila chupa ioshwe kwa maji ya kuchemka kwanza, na uitikise kabla ya kumimina, kwa sababu kakao hutuama chini. Saa nyingi namna hiyo sikushauri, maziwa yanayopoa taratibu huharibika. Bora uandae ule uji mzito wa hatua ya pili na ya tatu, ukae kwenye friji, wageni wakifika unaongeza maziwa ya moto. Dakika 10 umemaliza.

Mwanachama wa Nachingwea: Korosho nilizokaanga jana leo zimelegea. Nizitupe?

Usizitupe. Zimevuta unyevu wa hewa, hasa kama ulizifunika zikiwa bado na joto. Zirudishe kikaangoni dakika 3, zipoe kabisa zikiwa wazi, ndipo uzitie kwenye kopo kavu lenye mfuniko wa kubana.

Mwanachama wa Mtwara, Shangani: Mwalimu, kwa heshima, nilifuata kipimo chako na mama mkwe akasema kakao imekaa kama dawa. Sukari vijiko 4 kwa watu sita kweli?

Alionja kabla ya kuweka chochote juu, sivyo? Mpelekee kikombe kikiwa tayari kimeshapambwa: kijiko kimoja cha asali, krimu ya tui na korosho za sukari. Usimwache aanze na kakao tupu. Bado akitaka tamu, mpe bakuli la sukari na kijiko, mkwe hashindaniwi. Lakini sufuria nzima usiitie sukari kwa ajili ya mtu mmoja.

Mwanachama wa Kilwa Masoko: Baba yangu ana kisukari na hapendi kuachwa nje wenzake wakinywa. Nimfanyie nini?

Chota kikombe chake cha uji wa kakao kabla hujatia sukari yoyote. Yaani ule wa hatua ya pili usugue bila sukari, na sukari ya wengine iingie baadaye na maziwa. Asali na tende pia ni sukari, zisiende kwake. Yeye mpambie kwa korosho kavu, ufuta, nazi ya kukaanga, ganda la chungwa na mdalasini, kwenye kikombe kizuri kuliko vyote ulivyonavyo. Maziwa nayo yana sukari yake ya asili, kwa hiyo kiwe kikombe kidogo, na kiasi chake fuateni alivyoelekezwa hospitali.

Mwanachama wa Liwale: Nikitumia tui badala ya maziwa kwa asiyekunywa maziwa?

Tumia tui jepesi lita 1, la mkamuo wa pili, na kikombe kimoja cha tui zito mwishoni. Koroga upande mmoja, lisichemke kwa nguvu, likikatika halirudi. Hapo punguza kakao iwe vijiko 5, na krimu ya juu huihitaji tena. Weka ufuta na ganda la chungwa.