Somo: Usiombe chuo cha sheria kabla hujajua pointi zako ni zipi

Mwaka jana alikuja binti wa Tukuyu pale steshonari ninaposaidia vijana kuomba vyuo, Mwanjelwa, Mbeya. Karatasi ya matokeo kaikunja mara nne, "Divisheni II, pointi 10" kaizungushia wino mwekundu. Kasikia TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, wanataka pointi 4, naye ana 10, basi akaomba chuo kimoja tu, tena chenye ushindani mkubwa. Awamu ya kwanza akakosa. Iliniuma sana, maana shida ilikuwa hesabu tu.

Kwanza, tenganisha hesabu mbili. Za divisheni, A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5. Ndogo ndiyo nzuri. Za kuingia chuo zimegeuzwa: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Binti yule wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) alikuwa na C, D, C. Kwa divisheni ni 10 kweli, ila chuoni masomo yake mawili bora yanampa 3 + 3, yaani 6. Kima cha chini ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyopata A hadi E, zenye jumla ya 4. S (alama iliyo chini ya E) na GS (somo la General Studies) usizihesabu humo.

Pili, fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huu, usome mstari wa shahada ya sheria chuo kwa chuo. Vingine vinataja masomo vinavyoyataka. Na ile 4 ni ya kukuruhusu kuomba, nafasi mnagombea.

Tatu, changanya. Ukitaka kujaribu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), jaribu, lakini weka na vya huku kwetu: Mzumbe wana kampasi Mbeya, na Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU (Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha). Usione haya kusoma karibu na nyumbani. Anayetaka uwakili, awe katoka chuo gani, atapitia Law School of Tanzania, Dar. Binti wetu alipata Iringa awamu ya pili.

Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa, kabla muda haujaisha.

MASWALI

*Mdau, Njombe:* Kamwene mwalimu. Nina D, E, E. Si inafika 4?

Kamwene mdogo wangu. Haifiki, wanahesabu mawili: 2 + 1 ni 3. Usikate tamaa. Soma diploma ya sheria, kwa mfano Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, au kozi ya foundation (ya kukuandaa kwa shahada) ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa Mbeya. Njia zote mbili lenga GPA ya 3.0 kwenda juu.

*Mama, Makambako:* Shikamoo mwalimu. Mkopo tusubiri mtoto achaguliwe kwanza?

Marahaba mama. Msisubiri. Bodi ya Mikopo ina dirisha lake, na chuo hakimwombei mtu mkopo. Anzeni leo na cheti cha kuzaliwa. Kuhakikiwa kwake RITA, wakala wa usajili wa vizazi, ndiko kunakowachelewesha wengi.