Kabla hujakata tiketi ya India: jinsi ya kumpata daktari mpasuaji wa kumwamini

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, niko Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisindikiza wagonjwa kwenda India: Chennai, New Delhi, mara chache Hyderabad. Wengi ni wa moyo, wachache wa magoti na uti wa mgongo. Watu hunijia wakiwa na jina la hospitali, bei ya paketi nzima, hata jina la nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili. Ukiwauliza nani atashika kisu, kimya.

Nitaeleza ninavyofanya mimi. Mifano mingi ni ya valvu za moyo, ile milango ya kupitishia damu, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua zaidi, lakini ukiwa na goti au mfuko wa nyongo utaratibu ni uleule.

Hatua ya 1: Anzia nyumbani

Usicheke. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapa Dar inafungua vifua kila wiki, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, inabadilisha magoti na nyonga, na Muhimbili imeanza kupandikiza figo tangu 2017. Kwa walio Kenya, hospitali ya Tenwek kule Bomet inapasua moyo. Huenda safari yenyewe huihitaji.

Na hata kama unaihitaji, nenda ukaonane na bingwa wa hapa kwa sababu nyingine: yeye ndiye atakayekupokea ukirudi. Mwulize waziwazi, "Daktari, nikipasuliwa nje, utanifuatilia?" Akikubali, umepata mtu wa kuzungumza na yule wa kule lugha yao. Asipokubali, tafuta mwingine kabla ya kuondoka. Kidonda kikianza kutoa usaha wiki ya tatu, hutakuwa na nguvu ya kuanza kutafuta daktari.

Hatua ya 2: Tuma picha zenyewe, usitume ripoti peke yake

Ripoti ya eko, kile kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, ni maoni ya mtu aliyeitazama picha. Mpasuaji makini atataka kuitazama mwenyewe. Kwa hiyo omba CD au faili za eko, siti skani na MRI, kisha zitume zote kwa madaktari watatu, hospitali tatu tofauti, faili zilezile bila kupunguza kitu. Mmoja akisema valvu moja na mwingine akisema mbili, usikimbilie wa bei ndogo. Mwandikie kila mmoja umwulize kwa nini. Jibu la hiyo "kwa nini" litakufundisha mengi kuliko tovuti zao zote.

Hatua ya 3: Soma herufi zilizo nyuma ya jina

Hapa ndipo wengi wanapopotea. MBBS ni shahada ya kwanza, madaktari wengi wa India wanayo. MS ni upasuaji. MCh inakuja juu ya MS, na ndiyo ya ubingwa wa juu wa upasuaji: moyo na kifua, ubongo, njia ya mkojo. Wengine wana DNB au DrNB, ambazo ni njia ya mitihani ya bodi ya taifa; zisikutie shaka. Lakini ukiona DM Cardiology, huyo si mpasuaji. Ni daktari wa moyo anayepita kwenye mshipa kuweka stenti, kibomba kidogo cha kuuweka mshipa wazi. Nimeshakutana na familia iliyokuwa inapatana bei ya kubadilisha valvu na ofisi ya daktari wa namna hiyo. Yeye wala hakuwadanganya, hawakumwuliza tu.

Kisha hakikisha usajili. Baraza lao, National Medical Commission, lilichukua nafasi ya Medical Council of India mwaka 2020, na daftari la madaktari liko wazi kwenye tovuti yake. Kutafuta kwa jina kunachosha, majina yanafanana mno. Omba namba ya usajili na jina la jimbo alikosajiliwa. Kuomba si kumvunjia heshima: kanuni zao zinamtaka daktari aweke namba hiyo kwenye karatasi ya dawa na kwenye risiti. Usishtuke ukikuta amesajiliwa Tamil Nadu naye anafanya kazi Delhi. Shtuka kama namba haipatikani na msaidizi wake anakuzungusha siku tatu.

Vibao vya NABH (ithibati ya ubora ya India) na JCI (ya kimataifa) vilivyo mlangoni ni vya hospitali. Vina maana, navipenda, kwa sababu vinagusa usafi, dawa na kumbukumbu za wagonjwa. Havikuambii lolote kuhusu mkono wa daktari fulani.

Hatua ya 4: Zungumza naye uso kwa uso, kwa video

Yeye mwenyewe. Si mratibu wa wagonjwa wa kigeni, si kijana wa ofisini anayeandika "Hello dear" kwenye WhatsApp. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Mimi huomba saa nane mchana ya kwetu, ambayo kwao ni saa kumi na nusu, wengi wakiwa wametoka chumba cha upasuaji. Daktari asiye na dakika kumi na tano kabla hujalipa, sitegemei atakuwa nazo baadaye.

Kuna binti wa Pangani, miaka 26, valvu yake ya mitral ilikuwa imekaza kutokana na matonsili ya utotoni ambayo hayakutibiwa sawasawa. Daktari wa kwanza alitupa dakika nne: valvu ya chuma, njooni Jumatatu. Jina lake ni kubwa kweli.

Wa pili alianza kwa kufungua eko yetu kwenye kompyuta yake, tukawa tunaona mwanga wa picha ukicheza kwenye miwani yake. Akanyamaza kama dakika nzima. Halafu hakusema kitu kuhusu valvu, akauliza, "Unataka kuzaa?" Mjomba wa binti, ndiye aliyeshika simu, akaanza kujibu kwamba hayo mambo Mungu ndiye anajua. Daktari akamwomba kwa upole ampe binti simu. Binti akasema, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwake, "Ndiyo, nataka." Swali lililofuata: kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, anakipata wapi na ni umbali gani? Mpaka Tanga mjini, tukamjibu.

Maswali hayo mawili ndiyo upasuaji wenyewe. Valvu ya chuma inadumu, lakini anayewekewa atakunywa warfarin maisha yake yote ili damu isigande juu yake, na warfarin bila kupima INR mara kwa mara ni kucheza na moto: ikizidi unavuja damu, ikipungua damu inaganda. Kwa mjamzito dawa hiyohiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Valvu ya mnyama haidai warfarin ya maisha, ila inachakaa, na kwa kijana inachakaa haraka zaidi, kwa hiyo siku moja kifua kitafunguliwa tena. Daktari yule alisema atajaribu kwanza kuikarabati valvu aliyozaliwa nayo, akishindwa ataweka ya mnyama, na akataja upasuaji wa pili bila kuupamba. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba yeye hutumia za ng'ombe, si za nguruwe. Nadhani aliona jina la Kiislamu kwenye faili. Mjomba akashusha pumzi. Lilikuwa swali lake la tangu asubuhi, alishindwa tu pa kuanzia.

Wa tatu hatukumpigia.

Hatua ya 5: Uliza hesabu, kisha uliza kuhusu usiku

"Nimefanya upasuaji 10,000" ni tangazo. Unachotaka kujua ni huu wa kwako: kwa mwaka uliopita ameufanya mara ngapi, wangapi walifariki, wangapi walirudishwa mezani kwa sababu ya kuvuja damu au maambukizi. Daktari anayesema hajawahi kupata tatizo, ama hapasui ama hasemi kweli. Mwenye kuaminika hutaja namba, hukwambia ni lipi linalomtia wasiwasi kwa hali yako, na mara nyingine hukwambia usije. Nimewahi kumsikia mmoja akimwambia mzee wa Morogoro kwamba mapafu yake hayawezi, abaki na dawa. Huyo nimempelekea wagonjwa wengine watatu.

Swali la usiku ni hili: saa nane za usiku presha ya mgonjwa ikishuka ICU, nani yupo? Daktari wa usingizi analala hospitalini au anaitwa kutoka nyumbani? Mpasuaji mwenyewe atakuwa mjini wiki ile nzima, au ana mkutano Dubai siku ya pili?

Hatua ya 6: Jina lake liwe kwenye fomu ya ridhaa

Hili nililipata kwa machungu. Safari zangu za mwanzo nilimpeleka mzee mmoja wa goti kwenye hospitali kubwa, siitaji. Tulizungumza na profesa mwenye mvi, tukampenda, tukalipa kwa jina lake. Siku ya kuruhusiwa nikasoma karatasi: aliyepasua ni mtu mwingine kabisa, daktari wa timu yake. Profesa alipita wodini mara moja, akapiga picha na sisi. Nilipouliza, nikaambiwa hapa tunafanya kazi kwa timu. Goti lile lilikaza, mzee hakuweza kulikunja hadi leo. Siwezi kusema profesa angefanya vizuri zaidi. Ila hatukuchagua tulichopewa, na fomu tulishasaini, mimi nikiwa nimesimama palepale.

Timu si dhambi, hata kwetu ni hivyo. Uliza mapema: nani atafungua, nani atafanya ile kazi yenyewe, nani atafunga? Omba majibu kwa barua pepe. Siku ya fomu, isome kabla ya dawa ya kutuliza, na kama jina la mpasuaji halipo, liandikwe mbele yako. Ukitaka, uliza pia kama wanatumia orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ile ya 2008, ambapo watu wote husimama kabla ya kukata na kutaja mgonjwa, kiungo na upasuaji. Atakayekucheka, nami namcheka.

Hatua ya 7: Wakala na pesa

Mawakala wengi hulipwa kamisheni na hospitali. Si wote wabaya, ila ujue nani anamlisha. Lipa hospitalini, kwa keshia, upewe risiti yenye jina la mgonjwa. Na wakala akikuahidi figo ya mtu wa kule, achana naye saa hiyohiyo: sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza biashara ya viungo, na raia wao asiye ndugu yako wa karibu haruhusiwi kukupa figo angali hai.

Hatua ya 8: Usiondoke bila haya

Baada ya upasuaji wa kifua au tumbo, usipande ndege kabla ya siku 10, na usifunge tarehe ya kurudi mpaka mpasuaji aandike kwamba unaweza kusafiri. Chukua CD ya eko ya mwisho. Chukua ripoti ya upasuaji wenyewe, ambayo ni karatasi tofauti na ile ya kuruhusiwa. Usipoiomba, mara nyingi hawakupi. Kama umewekewa kitu mwilini, boksi lake huwa na stika zenye kampuni, saizi na namba. Moja hubandikwa kwenye faili la hospitali, nyingine ni yako. Ile ya mzee wa goti niliifuata hadi stoo ya chumba cha upasuaji, gari la uwanja wa ndege likiwa nje linapiga honi.