Baba akifariki bila wasia: namna ya kulinda nyumba ya familia mjini Lubumbashi

Ninaandika mwongozo huu baada ya kumsindikiza mama mmoja wa Katuba, ambaye mashemeji zake walidai funguo za nyumba kabla matanga hayajaisha. Unafaa pale ambapo marehemu hakuacha wasia, na nyumba au parseli (kiwanja) ndiyo mali kubwa iliyobaki.

Hatua ya kwanza: karatasi. Chukueni cheti cha kifo kwenye ofisi ya eta sivili (uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo) ya komini, kisha mkusanye cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na setifika ya parseli, yaani hati ya umiliki. Toeni nakala, karatasi zenyewe zisitoke mikononi mwa mjane, hata anayeziomba akiwa mkubwa wa ukoo. Ikiwa ndoa ilikuwa ya kimila tu na haikuandikishwa komini, mjane aende kwa avoka (wakili) sasa hivi.

Hatua ya pili: tengeni fungu la mjane kabla ya kugawa chochote. Kwa Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, wanandoa ambao hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali huhesabiwa kwamba walichuma pamoja. Nyumba iliyopatikana ndani ya ndoa kwa thamani ya dola 24,000 humwachia mjane dola 12,000 ambazo si mirathi. Katika 12,000 zilizobaki, watoto huchukua robo tatu, yaani 9,000, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua kisheria akiwa hai. Robo ya mwisho hugawanywa kwa makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake, kila kundi 1,000. Mashemeji wanaodai nyumba nzima waonyeshwe hesabu hii kwa upole, ikiwa imeandikwa.

Hatua ya tatu ndiyo inayokula muda kuliko zote: likidateri, yaani msimamizi wa mirathi. Sheria humpa kazi hiyo mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wengine. Akijitoa, warithi humchagua mmoja wao. Familia nyingi humkabidhi baba mdogo kwa heshima, desturi ambayo siiafiki, kwani mara nyingi yeye mwenyewe ana fungu analoligombania. Kikao cha familia kiandikiwe prose-verbali (muhtasari rasmi wa kikao), na kila mrithi mtu mzima atie sahihi. Jina la marehemu liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye setifika, maana jina moja lililoachwa, au herufi iliyobadilika kati ya cheti cha kifo na setifika, hutosha kurudisha faili nyuma. Vyeti vikipingana, suala hilo litatuliwe kwanza, kabla ya kupeleka chochote mahakamani. Kisha prose-verbali ipelekwe Tribinali ya Amani ili uteuzi uthibitishwe, kwa sababu benki haitosheki na karatasi ya familia, wala ofisi ya konservateri wa hati za ardhi. Hata baada ya kuthibitishwa, likidateri hageuki kuwa mwenye mali: anakusanya, analipa madeni, anagawa, na anatoa hesabu. Akitaka kuuza parseli, msikubali sahihi yake peke yake. Pensheni ya mjane na yatima inayolipwa na CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni haki yao wenyewe na haipiti mikononi mwake.

Hatua ya nne ni kubadilisha setifika kwa majina ya warithi, kwa amri ya mahakama. Msiache jina la marehemu hapo kwa miaka mingi.

Mbele ya Tribinali ya Amani mtu anaweza kujieleza mwenyewe au kupitia difenseri jidisieri (mtetezi wa mahakamani asiye avoka), naye kwa mirathi isiyo na ugomvi anatosha. Nendeni kwa avoka aliye kwenye baro (chama cha mawakili) ikiwa nyumba imeshauzwa, ikiwa setifika ina jina la mtu mwingine, ikiwa kuna watoto wasiotimiza miaka 18 na mtu anashinikiza mauzo, au ikiwa mtoto anakataliwa kuwa wa marehemu. Aandike ada yake, na kazi ambayo ada hiyo inagharimia, kabla hamjalipa. Fedha za ofisi ya karani wa mahakama zidaiwe risiti tofauti na ya ada hiyo.