Kupima ulaji wa umeme nyumbani kwa kitaa cha mita ya LUKU
Zima vyote, chomoa hata chaja na friji, ila swichi kuu iache. Tazama kitaa chekundu cha mita. Kama pameandikwa 1000 imp/kWh (mipepeso kwa uniti), kikipepesa mara 1000, uniti moja imekwisha. Kikiendelea kupepesa wakati vyote vimezimwa, kuna kifaa ulichosahau au waya unavuja. Hapo usichokonoe, ita fundi mwenye leseni.

Sasa washa friji peke yake. Kompresa ikiunguruma, hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso, kisha gawa 3600 kwa sekunde hizo: sekunde 24 ni wati 150. Mita ya 1600 imp/kWh, tumia 2250 badala ya 3600.

Friji haipumziki? Bana karatasi mlangoni. Ikichomoka kirahisi, raba imechoka, ibadilishe.