Kuomba PhD ya Fizikia Marekani: Nilichobadilisha Baada ya Kukataliwa na Vyuo Saba

Wanafunzi wangu wa zamani kule Kilifi huniuliza swali moja: "Mwalimu, mimi nina daraja la pili la juu, si la kwanza. Nijaribu?" Jaribu. Mimi nilimaliza chuo na wastani wa alama 66, na leo niko mwaka wa nne wa PhD ya fizikia hapa Marekani. Ila sikupata mara ya kwanza. Niliomba vyuo saba, vyote vikanikataa. Mwaka uliofuata nikaomba sita, viwili vikanichukua. Alama zangu zilikuwa zile zile. Nilichobadilisha ni barua za wadhamini, yaani watu wanaokuandikia chuo kueleza uwezo wako, na kurasa mbili za maelezo yangu, ndiyo maana nitakaa hapo zaidi.

Kwanza ujue jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua nimechelewa: idara nyingi za fizikia Marekani humpokea mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, bila uzamili. Masomo huchukua miaka mitano au sita. Mwanzoni ni madarasa mazito na mtihani wa kufuzu, halafu utafiti mpaka mwisho. Karo hulipi wewe. Idara hukulipia na kukupa posho, nawe unasimamia maabara za wanafunzi wa shahada ya kwanza au unafanya kazi katika utafiti wa profesa. Ukipata barua ya kukubaliwa inayokutaka ujilipie karo ya PhD ya fizikia, iweke kando. Ujerumani mambo ni mengine: kule kwa kawaida wanataka uzamili kwanza, na mara nyingi unaomba nafasi kama mtu anayeomba kazi, kwa profesa mwenyewe.

Milango hufungwa Desemba, vyuo vingi tarehe 15, vingine mwanzoni mwa Desemba au Januari. Anza Aprili. Najua inaonekana mapema mno, lakini barua nzuri haiandikwi kwa wiki mbili. Na uangalie saa: wakiandika saa 5:59 usiku kwa saa za New York, kwetu ni saa 1:59 asubuhi ya siku inayofuata. Usiufanye muda huo kuwa akiba yako. Stima ikikatika alfajiri hiyo, hakuna wa kumlilia.

Sasa barua. Utatakiwa kuwa na wadhamini watatu. Mwaka wa kwanza niliwachagua watu wenye vyeo: mkuu wa kitivo, mhadhiri aliyenipa alama ya juu kabisa, na mwalimu mkuu wa shule niliyokuwa nafundisha. Mmoja wao alinionyesha alichoandika, kwa nia njema kabisa. Ilikuwa aya mbili: nina nidhamu, nafika kwa wakati, naheshimu wakubwa, nashirikiana na wenzangu. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini profesa anayesoma barua hiyo anataka kujua jambo jingine: huyu binti akipewa swali ambalo hakuna anayejua jibu lake, atafanya nini? Barua yangu haikumwambia.

Mwaka wa pili nilipanda treni kutoka Mombasa hadi Nairobi kwenda kumwona aliyenisimamia mradi wa mwaka wa mwisho. Cheo chake hakikuwa kikubwa, lakini ndiye aliyeniona nikihangaika maabara. Nilimpelekea faili moja: matokeo yangu, ripoti ya mradi, rasimu ya maelezo yangu, orodha ya vyuo na tarehe, na karatasi moja niliyoandika vitu vitano ambavyo huenda amevisahau. Nikamwambia, "Prof, naomba uniandikie kama unaweza kuniandikia kwa nguvu. Kama huwezi, niambie tu, sitakasirika." Alisoma ile karatasi polepole, akacheka, akasema, "Kumbe ndiwe uliyeivua ile hita." Nikajua nimepata barua.

Fanya hivyo hivyo. Mtafute aliyekuona ukifanya kazi. Mwombe aitume kwa baruapepe ya chuo, kwa sababu anwani ya kawaida ya bure huleta maswali. Kisha mkumbushe wiki tatu kabla ya mwisho, wiki moja kabla, na siku tatu kabla, kila mara kwa adabu na kwa maneno machache. Wahadhiri wetu wana madarasa ya mamia ya wanafunzi. Kumkumbusha si kumkosea heshima.

Maelezo binafsi ndiyo niliyoyaharibu zaidi. Rasimu ya mwaka wa kwanza ilianza hivi: "Tangu utotoni nimevutiwa na maajabu ya nyota na ulimwengu, na ndoto yangu ni kuwa mwanasayansi atakayeisaidia Afrika." Niliipenda sana sentensi hiyo. Lakini mtu yeyote angeweza kuiandika, hata ambaye hajawahi kushika waya. Mwaka wa pili nilianza hivi:

"Katika mradi wangu wa mwisho nilitengeneza tabaka nyembamba za oksidi ya zinki juu ya vioo, kwa kunyunyizia myeyusho wa asetati ya zinki kwenye kioo chenye joto la takriban nyuzi 400. Ukinzani wa pembeni mwa kioo ulitoka karibu mara tatu ya ule wa katikati, na nikadhani nimekosea vipimo. Nilirudia mara nne. Mwishowe niliivua hita, nikapima joto sehemu tisa za sahani yake, nikakuta pembeni kuna baridi zaidi kuliko katikati."

Hapo sijajisifu popote, lakini msomaji ameshaona kwamba napima, natilia shaka, narudia, na natafuta chanzo. Huhitaji mtambo wa mamilioni kuonyesha hilo. Kama mradi wako ulikuwa wa kompyuta, eleza programu uliyoandika ilikwama wapi na uliikwamuaje. Kama ulifundisha shule ya upili bila vifaa, eleza jaribio ulilobuni na lilivyokwenda.

Baada ya hapo taja profesa wawili au watatu wa idara hiyo ambao ungependa kufanya kazi nao, na kwa nini. Soma makala zao arXiv, tovuti ambako wanafizikia huweka makala zao za utafiti, hazina malipo. Si lazima uelewe kila mlinganyo. Soma ikisiri, utangulizi, michoro na hitimisho, kisha andika sentensi moja inayounganisha kazi yao na swali lako. Sehemu hii iandike upya kwa kila chuo. Mwaka wa kwanza niliacha jina la chuo kingine ndani ya maelezo, na sikuliona mpaka nimeshatuma.

Kuhusu alama: kwetu 70 ni A. Mmarekani akiona 66 anaona mtu aliyeponea chupuchupu kufeli. Usijigeuzie alama mwenyewe kuziweka kwenye kipimo chao cha wastani, ambacho mwisho wake ni 4. Ziandike kama zilivyo, ambatisha ufunguo wa madaraja ambao mara nyingi huwa nyuma ya nakala rasmi ya matokeo, na umwombe mdhamini mmoja aeleze ulikuwa wa ngapi darasani. Sentensi yake moja, "alikuwa wa tatu kati ya wanafunzi 41," iliniokoa kuliko hesabu yoyote ambayo ningeifanya mimi.

Mtihani wa GRE wa fizikia, ule wa kuombea masomo ya juu Marekani, idara nyingi zimeuacha au zimeufanya wa hiari. Soma ukurasa wa idara yenyewe, usitegemee alichokwambia mtu. TOEFL pia, yaani mtihani wa Kiingereza, vyuo vingi hukusamehe ukileta barua ya chuo chako inayothibitisha ulifundishwa kwa Kiingereza. Ada ya maombi huwa kati ya dola 75 na 125 kwa chuo kimoja, na ukizidisha kwa sita ni mshahara wa mwalimu. Mwandikie mratibu wa masomo ya juu wa idara mwezi Oktoba, ueleze hali yako kwa mistari minne, uombe usamehewe ada. Mimi niliandikia sita, watatu wakakubali. Zilizobaki nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa.

Ukikosa mwaka huu, au ukihisi msingi wako ni mwembamba, kuna njia ambayo ningependa kila mwanafunzi wa fizikia wa Afrika Mashariki aijue. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam kule Trieste, Italia, mwaka 1964, kina diploma ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na wanaochaguliwa hugharimiwa. Karibu zaidi, Kigali kuna tawi lake ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, lenye shahada za uzamili. Rafiki yangu mmoja alipitia Trieste, na barua alizotoka nazo ziliandikwa na watu ambao kamati za huku zinawafahamu.

Januari na Februari baadhi ya idara hukuita kwa mahojiano ya video ya nusu saa. Watakuuliza juu ya mradi wako, basi rudi uusome hata kama uliumaliza miaka mitatu nyuma. Mimi niliulizwa kwa nini joto dogo lilipandisha ukinzani. Ukifika usichokijua, sema hujui, kisha ueleze ungeanzia wapi kukitafuta.

Majibu huja kati ya Januari na Aprili. Vyuo vingi vimekubaliana kutomlazimisha mwanafunzi kujibu ahadi ya ufadhili kabla ya Aprili 15, kwa hiyo usikubali kusukumwa. Kabla ya kulipa chochote cha viza, soma masharti ya sasa kwenye tovuti ya ubalozi, maana hubadilika na hutofautiana nchi kwa nchi. Na wale watatu waliokuandikia, wapigie simu siku hiyo hiyo ukipata jibu, liwe la ndiyo au la hapana. Prof wangu alikuwa darasani nilipompigia. Aliipokea simu mbele ya wanafunzi wake.